Wageni wa Mama Ventura

Casimiro Tzoc alikuwa mlinzi wa mahame ya Chuaxan: vilima vitatu vya mawe, uwanja wa mpira wa kale ulioota nyasi, na madhabahu nyeusi kwa masizi. Barua ya mji mkuu ilisema wasipofika wageni mia mbili kufikia leo, lango litiwe kufuli. Yeye alikuwa na sitini na wanne, na kumi na mmoja kati yao walikuwa wamepotea njia tu. Kazi ilikuwa inamponyoka, na kijiji kingekosa pa kuombea.

Asubuhi alikuja Mama Ventura, mhesabu siku wa kijiji, yaani kuhani wa kalenda ya kale, kuomba. Alipanga ubani, mishumaa na chokoleti, sadaka za kuwachomea wafu, akawasha moto, kisha akaanza kuwaita mmoja mmoja, kila mtu kwa jina na ukoo wake, kama ilivyo desturi. Casimiro akachukua daftari. Maagizo ya ofisi yalikuwa wazi: kila anayeingia aandikwe. Na nani asiyejua kwamba wakiitwa huingia?

"Polepole, mama. Huyo wa mwisho ni Tzoc yupi?"

"Wa kisimani. Yule mlevi."

Akaandika. Penye umri akajaza "alishamaliza".

Adhuhuri akafika mkaguzi, Bwana Ixcoy, na viatu vyake vya mjini. Akahesabu wageni mia mbili na tisa, akatabasamu, kisha akasoma.

"Hawa wamekufa."

"Ndiyo, bwana. Lakini wamekuja."

"Saini zao ziko wapi?"

"Wengi hawakusoma."

Ixcoy akafikiri kwa dhati, jambo ambalo Casimiro hakulitegemea. "Hata hivyo, ni wazaliwa wa hapa. Mwenyeji hahesabiwi mgeni."

"Mtu ana miaka arobaini kaburini, unamwita mwenyeji?" Mama Ventura akadakia. "Mwanangu, wewe ulisomea wapi?"

Mkaguzi akatoa kalamu nyekundu, akaanza kuwafuta wafu, akilisoma kila jina kwa sauti pale mbele ya moto. Kila mstari ulimchoma Casimiro moyoni. Kwa marehemu wa thelathini kalamu ikasimama.

"Jacinta Us," alisema Ixcoy, akarudia chinichini. "Huyu ni bibi yangu. Ndiye aliyenilea. Siku anazikwa, mimi niko kwenye semina."

"Semina ya nini?" aliuliza Mama Ventura.

"Ya kujaza fomu."

Mama Ventura hakumcheka. Alimpa kipande cha chokoleti. "Mpe mwenyewe. Alipenda vitamu huyo."

Ixcoy akakitupa motoni, akakaa juu ya jiwe na suruali yake ya ofisi, akalia bila kujificha.

Saa kumi na moja Casimiro, kwa kuwa barua ni barua, alishika kufuli akamsogelea kwa woga.

"Bwana mkaguzi, sasa nifunge?"

"Utafungaje," alisema Ixcoy, "na bibi yangu bado yumo ndani?"