Mkwe Yuko Mbele

Mama alikuwa azikwe Korogwe baada ya sala ya alasiri, na mimi Selemani, mwanawe wa kwanza, nilikuwa bado ndani ya basi la Lushoto, nyuma ya lori la kabichi la kijiji cha ujamaa. Milima tulishaiacha, Mombo tulishaipita. Tuko kwenye lami nyoofu, njia tupu, na lori linajikokota.

"Dereva, umebeba mayai?" akauliza mama mmoja.

"Tushuke tukusukume!"

Kornelio, dereva wetu, akazidi kulifuata lori pole pole. Kwenye kona za mlimani tulimsihi apunguze mwendo, akatucheka. Sasa njia anayo, hataki kupita. Nilitamani kumkaba.

Nikamwendea. "Ndugu yangu, nawahi maziko ya mama. Lipite hilo lori."

"Humwoni yule mzee juu ya kabichi? Mzee Paskali, mkwe wangu. Nimpite hivi hivi, bila kumwamkia?"

Sisi Wasambaa hatuna mzaha na mkwe, najua. Lakini siku hiyo niliona ni ujinga mtupu. "Basi piga honi, umwombe njia!"

Akapiga kidogo, kwa adabu. Lo! Lori likasimama kando. Mzee alidhani mkwewe anataka kumsalimu, akamgongea dereva wake asimame. Kornelio naye akasimama, akashuka, akavua kofia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Onga mshi, umeshindaje? Watoto? Mama yao? Mahindi yameota?"

Abiria wakaanza kupiga kelele madirishani. Mimi uvumilivu ulinishinda, nikaruka chini. "Mama yangu anazikwa!"

Mzee Paskali akateremka kwenye kabichi, akanijia, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Akanipa pole. Akauliza aliugua nini. Akauliza ameacha watoto wangapi. Nikajibu yote, maana mtu mzima hakatishwi maneno, huku jua linateremka.

Aliponiachia, Kornelio alilikimbiza basi ajabu, na haikusaidia kitu. Niliwakuta watu wanarudi kutoka makaburini, majembe mabegani, mdogo wangu Bakari mbele. Walimteremsha mama kaburini bila mimi.

Bakari akanikumbatia, analia. "Alhamdulillahi, umefika salama," akasema. "Tulijua mmepata ajali. Madereva wa siku hizi wanakimbia mno."