Matanga ya Ulimi wa Saidi

Saidi bin Abbasi, fundi cherehani wa Ng'ambo, alimnunia mkewe tangu siku ya kulima shamba la ujamaa. Na kununa kwenyewe si kule kwa kuvimba mashavu mpaka chakula kiive, la hasha. Mvua ziliisha, karanga zikang'olewa, naye bado kanuna.

Kisa ni jembe. Siku hiyo mtaa mzima ulikwenda kulima njia ya Isikizya, na Saidi, ambaye maisha yake yote alishika mkasi, akajitia kuwafundisha watu kulima. Alilinyanyua jembe kwa madaha mbele ya wajumbe. Mpini ukabaki mkononi, jembe likachomoka, likaruka juu na kuanguka nyuma yake. Watu walicheka. Mkewe, Mwanamkuu, alicheka kuliko wote, mpaka akakaa chini. Wengine Saidi aliwasamehe palepale, ila Mwanamkuu ndiye aliyemshinda kumsamehe.

Tangu hapo nyumba ikaendeshwa na paka.

"Paka, mwambie mwenzako chumvi imezidi," Saidi husema.

"Paka, mwambie mwenzako jiko liko pale, akapike mwenyewe," Mwanamkuu hujibu.

Mwanzoni Saidi aliona raha, akajiona mwanamume kweli. Baadaye raha ikamwisha, maneno yakamkaa kooni kama mwiba wa samaki. Lakini angeanzaje? Aanze yeye, aonekane kashindwa? Thubutu.

Asubuhi moja alimkuta Mwanamkuu akifunga nguo zake kwenye kanga.

"Paka," Mwanamkuu alisema bila kugeuka, "mwambie mwenzako nakwenda Isevya kwa kaka yangu. Sirudi."

Saidi akaenda barazani, akakaa kwenye cherehani, akashona shati la watu na kulitia mikono yote miwili upande mmoja.

Mabruki muuza kahawa alipita, akaliona shati lile. Huyu Mabruki ni Mzaramo na Saidi ni Mnyamwezi. Babu zao walibeba mizigo pamoja njia ya pwani, wakawaachia wajukuu utani. Na mtani hakasirikiwi. Ukimkasirikia, aibu ni yako. Mabruki alichungulia ndani, akauona mzigo wa kanga, akaelewa yote, maana habari za yule paka mtaa mzima ulikuwa nazo.

Akatua birika lake, akavua kofia, akaangua kilio.

"Jamani Ng'ambo, njooni! Tumefiwa!"

Watu wakajaa mbele ya baraza. Mabruki alijitandikia mkeka katikati, akajifuta machozi yasiyokuwepo.

"Aliyefariki ni ulimi wa mtani wangu Saidi. Ameugua siku nyingi, ugonjwa wa kiburi. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua, basi kilio chenyewe ndicho hiki."

Wanawake walijifunga kanga viunoni, wakalia huku wanacheka. Saidi alitamani ardhi ipasuke immeze, lakini nani aliwahi kumfukuza mtani matangani?

"Marehemu," Mabruki aliendelea, "alikuwa mtamu kwa wateja, mchungu kwa mkewe. Hatujamzika bado. Mwenye neno naye aseme sasa."

Mwanamkuu akatokeza mlangoni, mzigo kwapani.

"Ninalo mimi. Marehemu alikuwa akinisimulia kila asubuhi ndoto alizoota. Ndoto za kipuuzi tupu. Nazitamani. Na siku ile, lile jembe lilipita karibu na kichwa chake. Nilidhani nimefiwa kweli. Alipogeuka mzima, kicheko kikanitoka, nikashindwa kukizuia."

Mabruki alitaka kutia neno, akamtazama Saidi usoni, akaliacha.

Saidi alisimama.

"Watu hawakuniumiza," alimwambia mkewe, na sauti ilikwaruza kwa kukaa sana bila kusema naye. "Niliumia kwa sababu ulikuwa wewe. Ukiniona bure wewe, basi mimi ni bure kweli."

Tangu azaliwe hajawahi kumwambia mtu neno kama hilo, na aliona haya kama aliyevuliwa nguo. Mwanamkuu hakuushusha mzigo.

"Usiende, mama Mwanajuma," Saidi alisema, akimwita kwa jina la binti yao.

"Sema tena," Mwanamkuu alimwambia. "Wa nyuma hawajasikia."

Saidi akawatazama wateja wake wote waliojaa pale barazani, akavuta pumzi, akasema tena.