Idhini Bado Hai

Verna Stidham alikuwa akiosha vyombo vya matanga. Katika bonde lile la Kentucky, jirani akileta maharage au kuku wa kuoka hubandika jina lake chini ya bakuli, ili chombo kimrudie. Alikuwa amefika kwenye bakuli la Oma Ratliff simu ilipolia.

Ilikuwa kampuni ya bima. Upasuaji wa vali ya moyo wa baba yake, Arlis, ulikuwa umeidhinishwa.

"Tulimzika Jumamosi," Verna alisema.

"Pole sana, dada. Lakini idhini bado hai. Inakwisha Ijumaa."

Jioni Arlis akaingia kwa mlango wa jikoni, udongo mabegani, koti limepasuliwa mgongoni kama wafanyavyo watu wa mochwari wanapomvika maiti.

"Wamekubali?"

"Wamekubali, Baba."

"Basi twende kabla hawajageuka. Hawa nawajua."

Aliwajua kweli. Tangu utotoni alikuwa akimwona daktari wa mgodi akimpima mtu aliyepondeka mguu kwa kumuuliza atarudi lini kazini.

Hospitalini mhudumu wa mapokezi alimuuliza kama anavuta sigara.

"Niliacha siku niliyokufa," alisema Arlis, na mhudumu akampongeza.

Verna alikuwa bado kwenye ngazi, akitafuta pumzi. Vali yake ilikuwa mbovu kama ya baba yake, na ombi lake lilikuwa kwenye foleni ileile. Alipofika mapokezi akaomba apewe yeye idhini ya mzee, kwa kuwa yeye angali na matumizi nayo.

"Haihamishiki, dada yangu," mhudumu alijibu.

Walimpasua Arlis Ijumaa. Daktari akasema imekwenda vizuri, na kweli moyo ulidunda barabara. Arlis alibaki maiti, lakini kuhusu hilo hakuna aliyekuwa amemwahidi chochote.

Ilikuwa Oktoba, kampeni zimepamba moto. Mbunge alikuja kwenye ukumbi wa zimamoto akamshika Arlis bega mbele ya kamera. "Wanasema bima yetu imekufa," alisema. "Mtazameni huyu." Kesho yake mpinzani wake akalishika bega la pili, akasema kwa mageuzi yake mzee huyu angepasuliwa akiwa hai. Wote wawili walimwomba Verna akasubiri nje, maana kuhema kwake kulikuwa kukiingia kwenye vipaza sauti.

"Babu yako aliahidi hospitali hapahapa," Arlis alimwambia mbunge. "Mwaka wa mafuriko. Alikula vipande viwili vya keki akaondoka."

Mbunge alicheka, akampa bango la kampeni la kusimika mbele ya nyumba.

Mmoja wao alishinda. Wiki iliyofuata kampuni ya bima ikapiga tena. Ombi la Verna limekataliwa: kumbukumbu zinaonyesha kuwa upasuaji huohuo ulifanywa kwa mtu wa familia yake na haukumrudishia uhai, hivyo faida yake haijathibitishwa.

Arlis alisikiliza mpaka mwisho. "Rufaa je?"

"Majibu ni Aprili."

"Utafika Aprili?"

"Hata Krismasi sijui, Baba."

"Na ardhi inaganda mapema mwaka huu," Arlis alisema.

Akachukua sepetu, Verna akamkumbusha glavu. Mzee alipanda mlimani hadi ubavuni mwa kaburi lake, akapima kwa miguu urefu wa binti yake. Kwa moyo ule mpya alichimba bila kupumzika hata mara moja.