Nyati Mlangoni mwa Choo

Mzee Mbarak alipostaafu ufundi bandarini, mwaka wa 1987, Mjerumani mmoja aliyekuwa akikaa upande wa Likoni alimwachia gari. Ilikuwa kombi ya rangi ya maziwa, ndani ina kitanda, jiko la gesi, sinki ya kunawia na mapazia ya maua. Mjerumani alikuwa akirudi kwao moja kwa moja, na kwa kuwa Mbarak ndiye aliyekuwa akiitengeneza kombi ile kwa miaka tisa, alimkabidhi funguo na karatasi zake, wakaagana.

Tangu siku hiyo watu wa mtaani hawakupumua. Kila baada ya Alasiri Mbarak aliketi na wenziwe akawaeleza atakavyokwenda kulala ndani ya kombi yake Mlima Kenya, huko alikofanya kazi ujanani.

"Nyati alinijia hivi," alikuwa akisema, akifunua mikono yote miwili kuonyesha pembe. "Sikukimbia, wallahi. Nilimkazia macho. Tukatazamana, tukatazamana, mpaka mwenyewe akaona haya, akainamisha kichwa, akenda zake."

Mkewe, Barke, alikuwa amemsikia nyati huyo kwa miaka thelathini, na kila mwaka mnyama alizidi kunenepa. Yeye alichotaka ni jambo moja tu.

"Babake Ghalib," alimwambia, "nifundishe na mimi kuendesha."

"Usukani wa kombi ni mzito, mamake Ghalib. Gari hii haitaki mkono wa mwanamke."

Barke akanyamaza. Waliomjua wangemwambia Mbarak kwamba Barke akinyamaza kuna jambo.

Mwezi wa nane wakafunga safari, Mbarak, Barke na Tumu, mdogo wake Barke, mjane mwenye kicheko cha kuamsha mtaa. Tumu hakualikwa. Walimkuta tu asubuhi amekwisha kaa kitandani mle ndani ya kombi, na kapu la mahamri mapajani. Walilala Nairobi kwa jamaa, na siku ya pili magharibi wakaingia lango la mbuga, juu ya Naro Moru. Askari wa zamu, kijana mpole aitwaye Elkana, aliwaonyesha uwanja wa kupigia kambi, na choo cha mbao kilichokuwa pembeni, mwendo wa kutupa jiwe.

"Mkiona mnyama msipige honi wala kelele," aliwaambia. "Kaeni ndani mpaka apite."

"Mimi unaniambia hayo?" Mbarak akamjibu. Elkana akamtazama, akamwitikia kwa adabu.

Baridi ya huko haikuwa ya kuhadithiwa. Asubuhi, jua limekwisha panda juu ya miti, Barke na Tumu walikuwa bado wamejifunika mablanketi, buibui juu ya sweta, wakichemsha kahawa ya tangawizi. Mbarak alichukua kopo lake la maji, akajitanda shuka begani, akenda chooni akipiga mluzi.

Hakuwa amekaa sana huko mluzi ulipokatika.

Tumu alifunua pazia. "Dada! Njoo uone!"

Nyati dume, mweusi kama tangi la lami, alikuwa amesimama mbele ya mlango wa choo, hatua nne hivi, akitafuna majani kama aliyefika kwake. Ufa wa mlango ulionyesha jicho moja la Mbarak.

"Mamake Ghalib!" sauti ilitoka, nyembamba. "Mamake Ghalib, weye!"

"Abee!"

"Kuna mnyama hapa."

"Tumemwona. Mkazie macho!"

Tumu akaanguka kitandani kwa kicheko.

"Huyu si kama yule," Mbarak akasema.

"Yule alikuwaje, shemeji?" Tumu akauliza dirishani, kwa upole mwingi.

"Tumu, si wakati wake huu."

"Sisi tuna kahawa, tuna mahamri. Wakati tunao."

Nyati akajikuna pembe kwenye ukuta wa choo. Mbao zikalia. Mbarak akasema mara moja, kwa sauti ya mtu anayetoa ushahidi:

"Hakukuwa na nyati! Nilikaa Nanyuki wiki tatu nikimenya viazi jikoni kwa mzungu. Mlimani sikupanda. Baridi ilinishinda!"

Barke alimimina kahawa, akanywa funda moja. "Na jengine?"

"Jengine lipi?"

"Lolote ulilo nalo, babake Ghalib. Huwezi jua utatoka saa ngapi."

Nyati akapumua, puu, mlangoni.

"Birika la mamako!" Mbarak akapiga kelele. "Lile la shaba. Aliyelibonyeza si paka. Nililikanyaga mimi!"

Hapo Barke akaweka kikombe chini. Paka yule alikuwa ametiwa guniani akapelekwa kutupwa Mtongwe kwa kosa hilo, na alikuwa paka mzuri, hodari kwa panya. Tumu aliacha kucheka akamtazama dadake, asijue kama sasa mambo yameharibika.

"Shika kikombe hiki," Barke akamwambia. Kisha akapita mbele, akakalia kiti cha dereva, akapandisha buibui kidogo, akakanyaga klachi.

"Dada, wafanya nini?"

"Shika kikombe, nimekwambia."

Kombi ikanguruma. Barke akaingiza gia bila kuikwaruza, akaondoka taratibu, akazunguka uwanja kwa upana ili nyati aone gari linakuja na wala asishtuke. Nyati aliinua kichwa. Akarudi hatua mbili, kisha tatu, akasimama kando kwa kinyongo. Barke akaisogeza kombi ubavu kwa ubavu na choo mpaka mlango wake wa pembeni ukaelekeana na ule wa mbao, pakabaki nafasi ya mtu mmoja kupita akibana tumbo. Tumu akauvuta mlango. Mbarak akaingia kichwa mbele, shuka likabaki limenasa msumarini, na kopo pia likabaki huko.

Walirudi walipokuwa. Barke akazima gari, akavuta breki ya mkono.

Mbarak alikaa sakafuni akihema. Kwa muda mrefu aliitazama mikono ya mkewe.

"Nani amekufundisha?"

"Pascalia, yule anayeendesha pikapu ya kanisani. Uwanja wa mpira wa Mtongwe, miezi mitatu. Wewe ulidhani kila asubuhi nakwenda kumuuguza nani?"

Kutoka mkobani akatoa leseni ya kujifunza iliyokunjwa vizuri, na vibao viwili vya herufi L. Elkana, aliyekuwa ameyaona yote kutoka langoni, alikuja mbio nyati alipokwisha kuingia msituni. Alivifunga vibao vile mwenyewe, kimoja mbele, kimoja nyuma.

"Mama umeendesha vizuri sana," alisema. "Mzee, wewe umeumia?"

"Sikuumia," Mbarak akajibu. Kisha, kwa taabu, akaongeza, "Nimeona haya tu."

Barke alimpa kahawa. Hakumsamehe habari ya birika siku hiyo, wala ya pili yake, lakini alimchovyea hamri kikombeni.

Walikaa huko siku mbili zaidi, wakaona tembo kwa mbali na mbega weupe na weusi wakiruka mitini kama watoto waliofunguliwa madrasa. Kuteremka, Barke ndiye aliyeshika usukani, Mbarak kando yake akikanyaga sakafu kila kona, ijapokuwa hapakuwa na breki upande wake. Karatina walisimama, Mbarak akashuka kununua kabichi na viazi. Aliporudi akamkuta Tumu amekaa mahali pake, ameshika kitabu cha alama za barabarani.

"Shemeji, nenda nyuma ukajinyooshe," Tumu akasema. "Mimi nataka kutazama miguu ya dada anavyokanyaga."

"Sheria yataka mwenye leseni akae mbele."

"Basi twende mpaka pale penye kona tu."

Mbarak akafungua mlango wa pembeni. Akapanda nyuma, akajilaza kati ya kabichi. Miaka yote aliyoitengeneza kombi ile hakuwahi kulala humo ikiwa yaenda. Kona ilipita, na nyingine, na hakuna aliyesimamisha gari. Walipofika Sagana Tumu aligeuka kumuuliza kitu.

"Mwache," Barke akamwambia, macho yakiwa barabarani. "Amelala."