Dumu Nililolizamisha

Mimi Meshack ndiye niliyemwaga sumu. Naanza na hilo ili usije ukanihurumia kabla ya wakati.

Nilirudi kijijini kutoka machimbo ya Mwakitolyo na kifua kibovu na mikono mitupu. Jirani yangu Maganga peke yake ndiye aliyenikaribisha bila kuniuliza dhahabu iko wapi. Mwaka uliofuata, mtafiti mmoja wa ndege alimaliza kazi yake akaniachia kayaki, mtumbwi mdogo wa plastiki wa mtu mmoja, pamoja na kasia lake. Kwa kuwa jembe siliwezi tena, nikaanza kuutoa mto wetu takataka: chupa, mifuko, viroba, kandambili. Mwanzo walinicheka, eti mchimbaji kahamia kuchimba chupa. Baadaye padre akanitaja kanisani, akina mama wakaniita Baba Mto, na mimi niliyezoea kupita pembeni nikaanza kutembea katikati ya barabara. Nilizipenda sifa zile. Nasema kweli, nilizipenda kuliko nilivyoupenda mto.

Asubuhi moja ya kiangazi nikakuta dumu kubwa limenasa kwenye matete, kifuniko kimekazwa, ndani maji maangavu kufika nusu. Kwetu dumu halitupwi. Mke wangu Justa angelisuuza na kulichotea maji siku hiyo hiyo. Juu ya kayaki lilikuwa zito, likaniyumbisha, basi nikalikokota hadi ukingoni na kulimwaga kwenye kidimbwi wanaponywea ng'ombe. Kichwa kiliniuma kidogo, nikasema ni jua. Nilijua huko juu ya mto wapo wanaochenjua dhahabu kwa sianidi, dawa yenye sumu kali, lakini miaka yangu yote niliimaliza shimoni. Dawa zile sikuwahi kuzishika.

Mchana maksai wawili wa Maganga wakafa pale pale kidimbwini. Maganga alilima nao miaka sita na kila alfajiri aliwaamkia kwa majina. Nilimkuta amekaa chini, kichwa cha mmoja kiko mapajani mwake, analia mbele za watu bila aibu. Nikaelewa mara moja. Badala ya kufungua kinywa, nilirudi mtoni, nikalijaza dumu mchanga, nikaenda nalo hadi penye kina na kulizamisha. Mimi, Baba Mto!

Huku nyuma watu walikwishapata mchawi wao. Alikuwa bibi Serafina, mjane anayekaa peke yake, macho mekundu kwa kupikia samadi kavu miaka nenda miaka rudi. Asubuhi ile alionekana karibu na kidimbwi akiokota samadi, na hilo likatosha. Nyama ikakatazwa kuliwa, maksai wakafukiwa, na Serafina akatengwa. Ukitengwa kwetu, hupewi moto, huuziwi chumvi, husalimiwi. Hata watoto walifundishwa kuvuka upande wa pili wamwonapo.

Siku ya kwanza nilijiambia yatapoa. Siku ya pili Justa aliniuliza mbona sili, nikasingizia kifua. Usiku wa siku ya tatu mawe yakatupwa juu ya bati la Serafina, na kulipokucha sikuweza tena. Nikaenda kwenye mkutano wa kijiji uliokuwa ukimjadili Serafina.

"Mchawi hakuna," nilisema. "Nilimwaga dumu la dawa ya dhahabu kidimbwini. Maksai niliwaua mimi."

Maganga akasimama, akaja kunishika bega. Nilidhani atanipiga, na ningefurahi.

"Dumu liko wapi?" aliuliza kwa upole.

"Nimelizamisha."

"Wewe? Wewe unayetoa hata vifuniko vya soda?" Akawageukia wenzake, machozi yakimlenga. "Mnaona? Ng'ombe hawakumtosha bibi yule. Sasa kaugeuza ulimi wa mtu mwema ili amtetee."

Wakaguna wote kukubali. Nilipiga kelele, nikaapa kwa jina la Bikira Maria, na kadiri nilivyoapa ndivyo walivyonihurumia. Mchana kutwa nilizama kulitafuta lile dumu mpaka kifua kikagoma, nisiambulie ila tope. Walionitazama kutoka ukingoni walitikisa vichwa, wakasema kweli bibi yule ni hatari.

Kesho yake Serafina alikuwa nje ya nyumba yake na furushi moja, akingoja bodaboda ya kumpeleka Ushirombo kwa mtoto wa dada yake.

"Shikamoo, mayu," nilimwamkia kama mama yangu, nikapiga magoti.

"Marahaba, mwanangu." Alishtuka kidogo, maana hakuwa amesalimiwa na mtu tangu atengwe.

"Nisamehe. Ng'ombe wale niliwaua mimi."

"Najua. Nilikuona ukimwaga."

"Uliniona? Mbona hukusema?"

"Mimi nani angeniamini?" Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonimaliza. "Nilisema moyoni, yule ni Baba Mto, mtu mwema, atasema mwenyewe leo hii. Jioni nikasema labda kesho. Kila niliposikia hatua njiani, nilifungua mlango nikidhani ni wewe."

Bodaboda ikafika. Nilimfungia furushi lake nyuma kwa mpira, akapanda, akaondoka.