Kifuu Mkononi mwa Mgeni

Watu wa hapa Tinubdan wanasema nilimnyang'anya mgeni chakula. Haya, nilimnyang'anya. Sikatai wala sijifichi. Anayetaka kunisema aje mlangoni kwangu aniseme nikimsikia, si kule sokoni kwenye meza za samaki. Ila akija, akae kwanza anywe kahawa, asikie na upande wangu.

Mimi ni mpikaji wa kalamay. Mchele wa kunata uliosagwa, tui la nazi na sukari guru, unakoroga kwenye karai juu ya moto wa makumbi tangu alfajiri mpaka jua linapinda, mpaka mchanganyiko unavutika kama halua. Kisha tunaujaza kwenye vifuu vilivyosuguliwa vikang'aa, tunafunika kifuu kwa kifuu, tunaziba kiungio kwa karatasi nyekundu. Si kazi ya mtu mmoja hii. Karai likianza kukaza, mwiko unataka watu wawili, huyu anasukuma, yule anavuta, na mkipumzika kidogo tu chini kumeshaungua. Mwenzangu wa mwiko alikuwa mume wangu, Anselmo. Kiharusi kikampiga, mkono wa kulia ukabaki unaning'inia. Tangu hapo nakodi watu wa kukoroga, na watu wa kukodi unawajua, leo wapo, kesho wana harusi. Mabega yangu yameisha. Nilikuwa nimeshaanza kuwaambia wateja kwamba huenda nikaacha.

Ndipo ikaja hiyo ruzuku ya serikali.

Madam Rowena Llamas, mwanamke wa ofisi inayosimamia ruzuku, alituita wapikaji wote kwenye uwanja wa mpira wa kikapu, ule wenye paa. Akasema pesa zimetoka za kuwafundisha wafanyabiashara wadogo, kila kikundi kitapewa mlezi wake, na kikundi kitakachomaliza vizuri kitapewa mashine ya kukoroga. Akatuonyesha kwenye simu. Mwiko wa chuma unazunguka wenyewe, na mwenye kalamay amekaa pembeni anajipepea. Wenzangu wakapiga makofi. Mimi machozi yakanitoka.

"Manang Hermin, unalilia chuma?" Huyo ni Feliza, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Ananiita dada mkubwa, lakini mdomo wake hauna breki.

"Nalilia mabega yangu. Wewe lilia ya kwako."

Mlezi tuliyeletewa ni kijana mmoja kutoka Cebu, anaitwa Rexon, viatu vyeupe pee. Tulidhani atatuchosha. Wapi! Yule kijana alikaa majikoni mwetu akakohoa moshi pamoja na sisi. Akatuambia jasho letu nalo tuliwekee bei. Feliza akamjibu kwamba jasho lake likiwekwa bei, mumewe atafilisika kabla ya Jumapili. Tulicheka mpaka karai la mtu likaungua.

Kosa letu kubwa, alisema Rexon, ni kugawa. Na kweli. Huku kwetu mgeni haondoki mikono mitupu. Akija binamu kutoka Manila, akija padri, akija fundi umeme, hata askari wa barabarani aliyekuandikia faini, lazima abebe kifuu. Ukimwacha aondoke hivi hivi, utalala na aibu. Rexon alishika kichwa.

"Mama zangu, mnalisha nchi nzima halafu mnashangaa hamna kitu! Mgeni mlisheni nyumbani, wali wenu, samaki wenu, mpaka ashindwe kuinuka. Lakini kwenye meza ya biashara hata mama yako mzazi analipa."

"Na wewe je, mwalimu?" Feliza huyo.

"Hata mimi."

Na alilipa. Tangu siku ile kila kifuu alichofungua alikilipia. Nilimpenda kwa hilo, nasema wazi. Na mimi nikajizoeza. Shemeji yangu alipokuja nikamtajia bei, akaninunia, lakini akalipa.

Mafunzo yalipokaribia kwisha, Madam Rowena akaja na mwavuli wake. Akasema siku ya kufunga atakuja Mheshimiwa Naibu Waziri kutoka Manila na msafara wake, kwa hiyo kila mmoja wetu alete vifuu arobaini.

"Vya kuuza?" nikauliza.

"Kuuza tena, Manang? Vya wageni! Watu wametoka mbali, waondoke na kitu."

Nikamtazama Rexon. Akainama akaanza kufunga kamba za viatu, na kamba zenyewe zilikuwa zimefungwa.

"Madam," nikasema, "lakini tumefundishwa na pesa ya hiyo hiyo serikali kwamba..."

Akacheka. "Darasa ni darasa, Manang. Mashine mnaitaka au hamuitaki?"

Nani asiyeitaka? Na niliyeitaka kuliko wote ni mimi, naye alijua, maana neno hilo alilisema akinitazama mimi, tena akitabasamu. Hapo damu ikanichemka. Angemtazama mtu mwingine, pengine leo nisingekuwa na hadithi.

Nilipomweleza Anselmo, alisema, "Wape tu, Hermin. Vifuu tutajaza vingine. Wewe ukianguka kwenye karai hilo, nani atakuokota? Mimi?" Alikuwa na haki. Nikapika mapishi mawili mfululizo na vijana wa kukodi, nikajaza vifuu arobaini, nikaziba karatasi. Nikaandika na kibao cha bei. Kwa nini nilikiandika sijui, sikuwa nimeamua kitu. Siku yenyewe nilikiweka mezani kifudifudi.

Sherehe ikaanza kwa sala, hotuba, hotuba nyingine, na nguruwe wa kuchoma amelala katikati kwenye majani ya mgomba. Kisha Naibu akaanza kupita meza kwa meza. Mtu mnene, mpole, si mtu mbaya, sitamsingizia. Nyuma yake vijana wa msafara na mifuko mikubwa ya plastiki. Kwa Feliza walikusanya vyote arobaini, meza ikabaki nyeupe. "Hivi vya dereva, hivi vya mke wangu," kijana mmoja anahesabu huku anatumbukiza, na Feliza anacheka, anainama, anashukuru. Anashukuru yeye! Kule jukwaani Rexon ameshika kipaza sauti, anasoma mafanikio yetu. "Wajasiriamali hawa," anasema, "sasa wanaijua thamani ya kazi yao."

Naibu akafika kwangu. "Aa, ndiyo hii maarufu!" Akachukua kifuu, akawa anakirusharusha mkononi huku anaongea na mwenzake habari za ndege ya jioni. Mimi hakunitazama. Kijana wa mfuko akaufungua mdomo wa mfuko mbele ya meza yangu.

Nikakisimamisha kibao.

"Karibu sana, Mheshimiwa. Ni peso mia na ishirini."

Akacheka. "Mama mcheshi huyu!" Akageuka aende zake na kifuu changu.

Basi nikanyoosha mkono juu ya meza nikakitoa mkononi mwake. Sikumpokonya kwa nguvu. Nilikitoa taratibu, kama unavyotoa kisu mkononi mwa mtoto.

Kwetu bora ungempiga mgeni kofi. Chakula kikishaingia mkononi mwa mgeni ni chake, hata mlevi analijua hilo. Bibi mmoja akapiga ishara ya msalaba. Rexon akanyamaza katikati ya neno, kipaza sauti kikabaki kinavuma. Nikashikilia meza.

"Nisamehe, Mheshimiwa. Nyumbani kwangu ni pale nyuma ya kanisa, njoo wewe na msafara wako wote nitawapikia, na peso moja sitachukua. Hapa nauza."

"Hermin! Umerukwa na akili?" Madam Rowena alikuja mbio, kiatu kimoja karibu kimtoke mguuni.

Naibu masikio yalikuwa mekundu. Akajipapasa mifuko. Hakuwa na pochi, watu wa namna ile hawatembei na pochi. Akamtazama kijana wake, kijana akamtazama Madam Rowena, Madam Rowena akatazama paa. "Basi mama, siku nyingine," akasema Naibu, akasogea. Meza iliyofuata walimpa viwili viwili, mkono huu na mkono huu.

Mwishoni Madam Rowena akashika kipaza sauti mwenyewe. Akatangaza kwamba mashine itapelekwa kwa kikundi cha mji wa jirani, kikundi chenye nidhamu.

Wenzangu wakanigeukia. Feliza ndiye aliyefika wa kwanza.

"Umetula, Manang! Umekula mashine yetu! Kifuu kimoja tu, ungekufa?"

"Nisingekufa."

"Sasa?"

"Nimechoka, Feliza."

"Na sisi je? Sisi hatujachoka?"

Hilo liliniingia. Lilikuwa kweli, na sikuwa nimemuuliza hata mmoja wao. Nikakusanya vifuu vyangu. Rexon akanifuata mpaka langoni.

"Manang, nilitakiwa niseme kitu."

"Ulitakiwa."

Akasimama pale anangoja nimwambie hamna shida. Sikumwambia. Akanunua kifuu kimoja, nikamuuzia kwa bei yake kamili, akaenda kupanda basi.

Baada ya hapo nikawa mtu wa kupishwa njiani. Sokoni wananipa chenji bila neno. Feliza akawa anaanika nguo upande wa pili wa ua asinione. Siku yangu ya kupika ikafika, kijana wa kukodi hakutokea. Nikawasha moto hivyo hivyo. Anselmo akakaa anachochea makumbi kwa mkono wa kushoto, na mimi nikakoroga peke yangu mpaka karai likaanza kukaza. Hapo mwiko ukagoma. Nikausukuma kwa tumbo, kwa kifua, nikawa natukana, Anselmo ananiambia niache, namwambia anyamaze.

Geti likalia. Feliza, amejifunga kanga kiunoni.

"Nimekuja kukoroga," akasema. "Sijakuja kukusamehe."

"Sijakuomba."

"Haya sogea, umekaa kwenye moshi kama samaki wa kukaushwa."

Tukakoroga. Anasukuma, navuta. Kisha akaanza kusimulia mwenyewe, macho yamo karaini. Zamu ya kufagia uwanja ilikuwa yake, kesho yake baada ya ile sherehe. Nyuma ya jukwaa akakuta mfuko mmoja umesahauliwa, umepasuka, sisimizi wamejaa, mbwa wamelamba. Vifuu vyake. Feliza huwa anasokota pembe za karatasi yake, hakuna mwingine anayefanya hivyo. Vingine vilikuwa chini ya viti walipokaa madereva, vimefunguliwa, vimebonyezwa kidole, vimeachwa.

"Hawakuonja hata, Manang." "Na mimi niliwashukuru. Niliwashukuru kweli."

Nilivuta mwiko kwa nguvu zaidi ili yeye apumzike kidogo.

Tukiwa hapo, karai limefika pale pabaya ambapo huwezi kuliacha hata kwa kupiga chafya, mwavuli ukatokea getini. Madam Rowena, anatabasamu.

"Mashine bado iko boharini, Manang," akasema. "Haijaondoka. Nimekupigania sana. Mheshimiwa naye hana kinyongo, amekuulizia hata. Ukimwandikia neno la radhi, na mkamfungia boksi moja la vifuu, mimi naigeuza mashine inakuja hapa hapa." Akaangalia mwiko, akamwangalia Anselmo na mkono wake. "Boksi tu. Fikiria, mama."

Nisidanganye mtu, niliitaka. Mabega yalikuwa yanawaka moto, mgongo umekufa ganzi. Anselmo ananitazama. Nilifungua mdomo, na mpaka leo sijui ningesema nini.

"Boksi la vifuu vingapi, Madam?" Feliza ameniwahi, na mwiko hajauachia.

"Kama hamsini hivi."

"Sawa. Ni peso elfu sita, na usafiri ni juu yenu. Radhi hatutengenezi hapa, ulizia duka jingine."

Anselmo akacheka mpaka akapaliwa na moshi. Anselmo huyo huyo aliyesema niwape.

Madam Rowena tabasamu lilikwisha. "Mnajua mnachokitupa?"

Feliza alinigeukia mimi na kungoja. Angeweza kusema, alikuwa na mdomo wa kusema, lakini aliniachia. Safari hii niliulizwa, na mimi nikamtazama yeye kwanza. Akatikisa kichwa kidogo, yaani nisikubali.

"Tunakijua, Madam," nikasema. "Tunakijua kuliko wewe. Mabega ni yetu. Na ukitoka urudishe geti, kuku watatoka."

Hakurudisha. Kuku walitoka wote, wakaenda mpaka kwa padri, na hatukuweza kuwafuata kwa sababu karai lilikuwa limekaza.