Njia ya Kwenye Bati

Mwaka 1954 Ishengoma aliezeka nyumba yake kwa bati, ya kwanza kilimani kwetu Ijumbi. Kaka yake Ildefons, aliyebaki kwenye msonge wa nyasi, hakwenda hata kumpongeza.

Siku moja mgeni alimkuta Ildefons akipalilia kahawa. "Mzee, kwenye bati ni wapi?" Zamani nyumba waliyoiulizia wageni ilikuwa ya Ildefons, si ya mdogo wake. Wivu ukamkaba, akamwelekeza bondeni.

Jioni mgeni yuleyule akabisha hodi kwa Ildefons, amejaa matope. Theopista, mke wa Ildefons, akamuuliza kilichompata.

"Mzee mmoja amenipoteza," akasema, kisha akamwona Ildefons, akarudi nyuma hatua moja.

Theopista akamtazama mumewe. Ildefons akainuka, akabeba mzigo wa mgeni, akampeleka mwenyewe hadi kwa mdogo wake. Mlangoni akakataa kuingia.